Kipuri Kidogo, Hasara Kubwa: Elementi za Hita na Maji ya Dodoma

(Haya ni maelezo ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma mjini Dodoma.)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya utunzaji wa mali ya umma. Mada hiyo ni pana, na aghalabu msemaji anayepewa mada pana huishia kusema maneno makubwa ambayo kila mtu huyakubali na hakuna ayatendaye. Kwa hiyo nimeamua kuchukua kitu kimoja kidogo, chenye urefu wa mkono wa mtu mzima au pungufu yake, nikakizungumze hicho peke yake mpaka tufike mwisho. Kitu chenyewe ni kile chuma kinachopasha maji moto ndani ya hita ya umeme. Mafundi wetu hukiita elementi, na wengine hukiita koili.

Nilianza kulifikiri jambo hili kwa sababu ya swali la msimamizi wa nyumba moja ya wageni hapa mjini. Nyumba yake ina bwawa dogo la kuogelea, lenye urefu wa mita 10, upana wa mita 5 na kina cha wastani cha mita 1.4. Kila mwaka kuanzia Juni hadi Agosti wageni walikuwa wakilikimbia bwawa hilo, maana mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa majira hayo ni wa baridi na upepo mkavu. Akanunua hita ya umeme yenye elementi 3, kila moja ya wati 6,000. Msimu wa pili elementi 2 zikafa. Muuzaji akamwambia kwamba elementi za hita ile haziuzwi peke yake, na akamshauri anunue hita nyingine nzima. Ndipo akaja kuniuliza: je, hakuna mahali pa kupata elementi hizo kwa bei inayostahimilika?

Najua baadhi yenu mnacheka moyoni. Bwawa la wageni la maji ya vuguvugu lina uhusiano gani na mkulima wa uwele wa Bahi, au na mwalimu wa Mpwapwa? Hata mimi nilicheka kwanza. Lakini nilipokaa kulitafakari swali lake, niliona kwamba kitu alichokuwa akikitafuta ndicho kilekile kilichomo ndani ya mtambo wa kuchemshia vyombo vya tiba katika zahanati, ndani ya pipa la kuchemshia maji ya chai katika bweni, na ndani ya mtambo wa kukenekea maji katika maabara ya shule. Mgeni aliyekosa bwawa la vuguvugu amekosa starehe tu. Lakini mama anayejifungua mahali ambapo vyombo havikuchemshwa ipasavyo amewekwa hatarini, na hatari hiyo huanzia kwenye kipuri kilekile.

Mimi mwenyewe nimeona, katika shule moja ya bweni ambayo sitaitaja jina, hita 3 zimelala stoo kwa miaka miwili, zimebandikwa karatasi iliyoandikwa MBOVU. Tulipozifungua tulikuta matangi ni mazima, thamostati ni nzima, na waya ni nzima. Elementi tu ndizo zilizokuwa zimekatika. Kwa muda wote huo wanafunzi wagonjwa walikuwa wakipashiwa maji ya kuoga kwa kuni, katika mkoa ambao kila mmoja wetu anajua jinsi miti ilivyo adimu. Hakuna aliyeiba hita hizo. Hakuna aliyezivunja. Zilikufa kwa sababu hakuna aliyejua ni kitu gani hasa cha kuagiza.

ELEMENTI NI KITU GANI?

Ndani ya elementi mna waya uliosokotwa kama nywele za mtoto, uliotengenezwa kwa mchanganyiko wa nikeli na kromiamu. Mchanganyiko huo uligunduliwa na Mmarekani Albert Marsh, aliyepewa hataza yake mwaka 1906. Sifa yake ni kwamba unaukinza umeme, hivyo hupata moto, lakini hauunguzwi upesi na hewa. Waya huo umezungushiwa unga mweupe wa magnesiamu oksaidi ulioshindiliwa sana, ambao hupitisha joto lakini haupitishi umeme. Nje ya unga huo mna bomba la chuma ambalo ndilo linalogusana na maji. Hayo ndiyo yote. Hakuna gurudumu, hakuna kitu kinachosuguana na kingine. Basi kwa nini chombo kisicho na kitu kinachosuguana kife katika msimu mmoja?

Jibu limo ndani ya maji yetu. Mji wa Dodoma kwa miaka mingi umetegemea visima virefu vya Makutupora, kaskazini ya mji. Maji ya ardhini hupita katika miamba na udongo, yakayeyusha madini ya chokaa na magnesiamu na kuyabeba. Walimu wa kemia huyaita maji ya namna hiyo maji magumu. Mama yeyote aliyechemsha maji katika birika hapa Dodoma ameyaona magumu hayo kwa macho, maana yameacha ukoko mweupe ndani ya birika lake. Chokaa ina tabia ya kinyume na sukari: maji yakipata moto, inatoka ndani ya maji na kushika pale penye moto mwingi zaidi. Hapana mahali penye moto mwingi kuliko ngozi ya elementi.

Gamba hilo la chokaa ni blanketi. Joto linalotoka ndani ya elementi haliwezi kupita upesi kwenda kwenye maji, kwa hiyo waya wa ndani unazidi kupata moto, bomba linapasuka, maji yanaingia kwenye ule unga, na elementi inakufa. Kabla haijafa imekwisha kula umeme kwa muda mrefu zaidi kwa kazi ileile. Katika bwawa la kuogelea mambo ni mabaya zaidi, kwa sababu jua na upepo hunyakua maji matupu na kuyaacha madini. Kila siku tunaongeza maji mapya yenye madini mengine, mpaka bwawa linakuwa na chokaa nyingi kuliko kisima kilikotoka. Juu ya hayo mna klorini ya kuulia vijidudu, ambayo huyatoboa mabomba ya chuma cha bei nafuu.

Kwa hiyo yule msimamizi, hata kama angelipata elementi za bure, angelirudi kuomba nyingine msimu uliofuata. Atafutaye kipuri cha bei nafuu hana budi kwanza kuuliza kilichokiua kile cha zamani.

FUNZO LA KONGWA

Ndugu zangu, si mara ya kwanza nchi hii ya katikati kuvila vyombo vya watu waliokuja bila kuiuliza. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga pale Kongwa na kwingineko nchini, kwa lengo la kulima ekari zaidi ya milioni 3. Yaliletwa matrekta ya mitumba na mitambo iliyobaki kutoka vitani. Mizizi ya vichaka vya Kongwa ikavunja vyuma, na udongo wake ukavisaga kama tupa. Vipuri vilikuwa mbali, mafundi walikuwa wachache, na mitambo ikawa inasimama safu kwa safu. Mpango huo uliachwa mwaka 1951 baada ya kumeza mamilioni ya pauni. Hawakukosa fedha wala mashine. Walikosa kuuliza udongo ni wa namna gani, mvua ni kiasi gani, na kipuri kitatoka wapi.

Sisi tunawacheka wakoloni kwa Kongwa, na ni haki yetu kuwacheka. Lakini ofisi inayonunua hita bila kuuliza maji ni ya namna gani na elementi yake itapatikana wapi inalima karanga zilezile katika shamba dogo zaidi.

Wazee miongoni mwenu watakumbuka pia miaka iliyofuata Vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Fedha za kigeni ziliadimika, viwanda vikasimama kwa kukosa kipuri ambacho mtu angeweza kukitia mfukoni. Siku hizo tulikuwa na sababu: kipuri hakikuwapo nchini. Kuanzia bajeti ya mwaka 1984, waliokuwa na fedha zao za kigeni waliruhusiwa kuingiza bidhaa, na tangu hapo maduka yamejaa mwaka hata mwaka. Leo elementi zimo nchini. Zimejaa Kariakoo. Tunachokosa leo ni ujuzi wa kuchagua, na uzembe wa kutokujua hauwezi tena kujificha nyuma ya uhaba wa fedha za kigeni.

TAFUTA KIPIMO, USITAFUTE JINA

Nimefika sasa kwenye kiini cha mazungumzo yangu. Muuzaji aliyemwambia yule msimamizi kwamba elementi za hita yake haziuzwi peke yake alikuwa akifikiri juu ya jina lililobandikwa kwenye hita. Kwa jina hilo, pengine alisema kweli. Lakini viwanda vingi vya hita havitengenezi elementi zao wenyewe. Hununua kwa wengine wanaozitengeneza kwa vipimo vya kawaida. Anayeomba elementi ya hita ya bwawa ya jina fulani atatajiwa bei ya jina. Anayeomba elementi yenye vipimo fulani ataweza kuipata kwa mwuza vifaa vya viwandani, na kuilinganisha bei yake katika maduka matatu.

Vipimo vyenyewe si vingi, na mtu yeyote ajuaye kusoma anaweza kuviandika katika karatasi moja. Cha kwanza ni volti. Cha pili ni wati. Cha tatu ni urefu na umbo: imenyooka, imekunjwa mara moja, au imekunjwa mara tatu. Cha nne ni namna inavyofungwa kwenye tangi: kwa hesi ya kipenyo gani, au kwa sahani yenye matundu mangapi na yaliyoachana kiasi gani. Cha tano ni chuma cha ngozi yake. Cha sita ni kama ina tundu la kuingizia thamostati. Pamoja na karatasi hiyo, ichukuliwe ile elementi iliyokufa. Maiti ya elementi ni ushahidi. Isitupwe kabla mpya haijafungwa.

Juu ya volti, naomba tuwe waangalifu. Umeme wa majumbani kwetu ni wa volti 230. Mitambo mikubwa, kama hita ya bwawa, hutumia umeme wa njia tatu, ambao kati ya njia na njia ni volti 400. Elementi ya volti 230 ikifungwa kimakosa kati ya njia mbili itatoa nguvu mara tatu ya ile iliyokusudiwa, na haitamaliza siku. Vilevile vyombo vya msaada kutoka Marekani mara nyingi huwa vya volti 120. Elementi ya wati 3,000 ya volti hizo, ikifungwa hapa, itavuta zaidi ya wati 11,000. Kwa upande mwingine, elementi iliyoandikwa volti 240 haina ubaya wowote. Kwenye umeme wetu itatoa wati 2,755 hivi badala ya 3,000, na itadumu zaidi kwa kuwa haikazwi mno.

Walimu wa fizikia wana silaha moja ambayo wengi wetu tumeisahau tangu tulipotoka shuleni. Ukizidisha volti kwa volti, kisha ukagawanya kwa wati, unapata ukinzani wa elementi kwa omu. Kwa umeme wa volti 230, elementi ya wati 6,000 lazima iwe na ukinzani wa karibu omu 8.8, ya wati 3,000, karibu omu 17.6, ya wati 1,500, karibu omu 35. Fundi mwenye mita ndogo ya mkononi anaweza kuipima elementi dukani kabla ya kulipa. Iliyoandikwa wati 3,000 lakini mita ikaonyesha omu 26 ni ya wati 2,000 iliyovishwa nguo isiyo yake. Mita isipoonyesha kitu, waya umekatika. Na kama umeme unapenya kutoka waya wa ndani hadi kwenye bomba la nje, hiyo ni elementi ya kuua mtu. Isifungwe hata ikitolewa bure.

RAHISI INAYOGHARIMU

Baadhi ya watu wakisikia neno nafuu hukimbilia elementi iliyo fupi na nyembamba, kwa kuwa bei yake ni ndogo na wati zake zimeandikwa zilezile. Hapo ndipo maji ya Dodoma yanapowangojea. Wati 3,000 zikipita katika bomba fupi, kila inchi ya ngozi yake hubeba moto mkali, na chokaa hushika upesi. Wati hizohizo zikipita katika bomba refu lililokunjwa, moto hutawanyika, na chokaa hushika polepole. Kwa hiyo katika nchi ya maji magumu, kama hii yetu, tuchague elementi ndefu kadiri tangi litakavyoruhusu, au tukubali wati pungufu. Hita ya bweni ikifungwa elementi ya wati 2,000 badala ya 3,000, maji yatachelewa kupata moto, lakini umeme utakaotumika kwa ndoo moja hautazidi, na elementi itakaa.

Kwa bwawa la kuogelea, chuma kisichoshika kutu cha kawaida hakitoshi mbele ya klorini. Inafaa bomba la aloi yenye nikeli nyingi, au la titani. Bei yake ni kubwa zaidi. Lakini anayenunua moja inayodumu misimu mitano amenunua kwa bei nafuu kuliko anayenunua tano. Hesabu hii haihitaji mchumi.

Kuna unafuu mwingine usiouzwa dukani. Elementi ikitolewa kila baada ya miezi kadhaa na kulowekwa katika siki au maji ya unga wa ndimu, gamba la chokaa litatoa povu na kuanguka. Thamostati ya hita ya kuogea ikiwekwa kwenye nyuzi 60 badala ya 75, chokaa itapungua. Isishushwe chini ya hapo katika hita ya tangi, maana kuna vijidudu vinavyopenda maji ya vuguvugu yaliyotuama. Bwawa nalo lina kipimo chake cha ukali wa maji, ambacho hutunzwa kati ya 7.2 na 7.6: kikizidi, chokaa hushika, kikipungua, chuma huliwa. Na hapa natoa onyo kwa wahudumu wote wa mabwawa: dawa ya asidi na dawa ya klorini zisichanganywe kamwe katika ndoo moja, kwa kuwa huzaa hewa ya sumu inayoweza kuua.

Tuangalie pia kazi yenyewe anayotwishwa elementi. Bwawa la yule msimamizi lina maji mita za ujazo 70. Kuyapandisha maji hayo nyuzi 1 tu kunahitaji umeme wa karibu uniti 82, bila kuhesabu joto linalopotea. Elementi zake 3 zikiwa nzima, hiyo ni kazi ya saa 4 na nusu. Elementi 1 iliyobaki ingehitaji zaidi ya saa 13, na kabla haijamaliza, usiku wa Dodoma umekwisha kulinyang'anya bwawa kile lilichokipata. Sehemu kubwa ya joto la bwawa hutoroka pamoja na mvuke. Turubai la kulifunika usiku huiokoa elementi kuliko ufundi wowote. Na jua la nyanda hizi, ambalo hatulilipii kodi, linaweza kupasha maji yanayopitishwa katika mabomba meusi juu ya paa, elementi ikaachiwa kazi ya siku za mawingu tu.

TUTENGENEZE KIPI, TUNUNUE KIPI?

Swali la kujitegemea haliwezi kukosekana. Je, mafundi wetu hawawezi kuzitengeneza elementi hizi hapahapa? Jibu la kweli ni kwamba baadhi ya kazi wanaziweza, na nyingine haifai kuwabebesha bila mitambo yake. Kuushindilia ule unga kuzunguka waya, kisha kulikaza bomba mpaka unga uwe mgumu kama jiwe, ni kazi ya mtambo maalumu. Fundi anayelikata bomba lililopasuka na kuliunganisha kwa kuchomelea anawatega watu watakaogusa maji hayo. Hilo tulikatae bila kuoneana haya.

Lakini sahani ya kufungia elementi inaweza kuchongwa na mchongaji wa hapa nchini, na kwa njia hiyo elementi ya kawaida ikaingia katika tangi la jina la kigeni. Mpira wa kuzuia maji unaweza kukatwa hapa. Kupima, kusafisha, kufungua na kufunga ni kazi za kijana aliyepita katika chuo cha ufundi stadi, mradi awe na leseni ya kazi za umeme na aukate umeme kabla hajagusa skrubu ya kwanza. Shirika la SIDO liliundwa mwaka 1973, mwaka uleule ambao Dodoma ilichaguliwa kuwa makao makuu ya nchi. Kujenga makao makuu na kujenga ufundi mdogo yalikuwa mawazo ya wakati mmoja, nasi hatuna budi kuyaendeleza pamoja.

WAJIBU WETU OFISINI NA SHULENI

Tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa wingi mwaka 2016, majengo yameongezeka, na ndani ya majengo hayo hita za maji zimeongezeka. Kwa hiyo yatupasa kila mmoja ajue sehemu yake.

Mtumishi wa ununuzi asikubali ombi lililoandikwa "hita 1, ya zamani mbovu". Aulize ni kitu gani ndani ya hita kilichoharibika, na adai karatasi ya vipimo. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inatutaka tupate thamani ya fedha. Thamani hiyo haiwezi kupatikana na mtu asiyejua anachokinunua. Na anaponunua hita mpya kabisa, aandike katika masharti yake kwamba elementi iwe ya vipimo vya kawaida, iweze kufunguliwa, na ya akiba iletwe pamoja nayo.

Wakuu wa shule, vyuo na vituo vya afya vilivyo jirani wakubaliane. Shule moja ikiagiza elementi 1, hulipa bei ya rejareja na nauli juu yake. Taasisi kumi zikiorodhesha vipimo vyao na kuagiza pamoja kwa kufuata taratibu, hukaa mezani na mwuzaji wa jumla kama watu wenye nguvu. Huo ndio ushirika, hata kama hauna kibao mlangoni.

Mtunza stoo awe na daftari. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kila hita iandikiwe tarehe iliyofungwa, wati zake, hesi yake, tarehe iliyosafishwa na tarehe elementi ilipobadilishwa. Baada ya miaka mitatu daftari hilo litatuambia ni elementi ya namna gani inayoyastahimili maji yetu, na hakuna mwuzaji atakayeweza kutudanganya tena.

Na mwalimu, huyo ana sehemu kubwa kuliko wote. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maelezo yake ya Elimu ya Kujitegemea, akitaka elimu ya darasani ishikane na kazi za maisha. Basi kanuni ya Ohm imo katika muhtasari wa fizikia, maji magumu yamo katika muhtasari wa kemia, na hita mbovu imo katika stoo ya shule. Vitu hivyo vitatu vinaishi katika ua mmoja, na havijatambulishana. Mwanafunzi aliyeipima elementi iliyokufa, akalihesabu gamba lake, akaiandikia vipimo vya kuagizia nyingine, hataisahau kanuni hiyo hata atakapokuwa mkurugenzi.

Kabla sijamaliza, mtataka kujua yaliyompata yule msimamizi. Tulizitoa elementi zake, tukazipima, tukaziandika. Mwuzaji wa vifaa vya viwandani wa Dar es Salaam alikuwa nazo, zenye urefu ulezidi kidogo na ngozi ya aloi ya nikeli. Sahani ya kuzifungia ilichongwa hapahapa mjini. Gharama yote, pamoja na turubai, haikufika nusu ya bei ya hita mpya aliyoshauriwa kuinunua. Na zile hita 3 za shule zilifungwa elementi ndefu za wati 2,000. Karatasi ya MBOVU ilibanduliwa, nyuma yake ikaandikwa tarehe ya kusafishwa.

Ndugu zangu, kesho asubuhi mkifika kazini, ombeni ufunguo wa stoo. Tazameni vyote vilivyoandikwa kwamba ni vibovu, na kwa kila kimoja mwulizeni fundi swali moja: ni nini ndani yake kilichokufa? Asiyeweza kujibu swali hilo hana haki ya kutia saini ombi la kununua kipya.